Ukishavuta Kamba Hakuna Kurudi: Soma Hii Kabla Ulipie Form ya Kushuka Maporomoko

Kama unaishi Nairobi na simu yako iko na WhatsApp, huenda uko kwa grupu moja ama mbili za hike. Katikati ya wiki posta inaangushwa: mahali, bei, namba ya till, saa ya kutoka tao, na ile line ya mwisho ya kukupea presha, eti nafasi zimebaki chache. Ngong Hills ilikuwa mwanzo. Longonot ikafuata. Elephant Hill ikamaliza watu magoti na bado wakarudi. Sasa mbogi imezoea mlima na inataka kitu ingine ya kuweka TikTok. Hapo ndipo kamba inaingia. Unafungwa mkanda, unaegemea nyuma ukingoni mwa mwamba, unashuka maporomoko maji yakikugonga kifua, dimbwi moja hadi lingine, mpaka korongo liishe.

Hatujakuja kukuharibia form. Kushuka korongo kwa kamba ni raha ya ukweli, na wasee wa Ufaransa, Uswizi na kisiwa cha Réunion hapo Bahari ya Hindi wameifanya biashara kubwa. Na sisi milima tuko nayo. Lakini huu mchezo uko na sheria moja ambayo video ya sekunde 30 haiwezi kukuonyesha, na ukiielewa utajua mbona mtu anafaa kuuliza maswali kabla atume doo.

Hiyo sheria ni hii: ukishavuta kamba, hakuna kurudi.

Hii kitu inafanyika aje?

Kwa hike ya kawaida ukichoka unageuka. Mguu ukiuma, mnarudi na njia mliyokuja nayo. Korongo haliko hivyo. Guide anafunga kamba kwa nanga juu ya maporomoko, mnashuka mmoja mmoja, na wa mwisho akifika chini mnaivuta hiyo kamba ndiyo muitumie kwa maporomoko yanayofuata. Dakika inaanguka chini, mlango wa nyuma umefungwa. Kuta ziko pande zote mbili, mwamba una utelezi, na juu yenu kuna maporomoko ambayo hamwezi kupanda. Njia imebaki moja, kwenda mbele, na mbele kuna maporomoko mengine.

Sasa weka hiyo picha Aberdare. Maporomoko ya Karuru yanashuka mita 273 kwa ngazi tatu: ya kwanza mita 117, ya pili mita 26, ya tatu mita 130. Hiyo ngazi ya kwanza peke yake inapita jengo la KICC. Ng'ambo ya bonde kuna Gura, nayo inaanguka mbali kuliko unavyodhani ukiiangalia kwa picha. Juu ya hayo yote kuna nyika ya baridi, na kilele cha Lesatima kinafika karibu mita 4,000. Mvua ikinyesha huko juu, maji hayana pengine pa kwenda ila kwa mabonde na makorongo. Hayo ndiyo maji yanayojaza Ndakaini na Sasumua, ndiyo unayooga nayo Roysambu siku yakifika. Huo mlima ni tanki ya Nairobi. Ukishuka korongo lake, jua umeingia ndani ya bomba la tanki.

Kamba huogopwa sana, maji ndiyo noma

Uliza msee yeyote anaogopa nini hapa, atakuambia kuanguka. Ni sawa, lakini kamba ikiwa nzuri na imefungwa vizuri, kuanguka si jambo rahisi. Kamba ya kazi hii ina kiini cha nyuzi na ganda la kuikinga, na inabeba uzito wa watu wengi kuliko wewe na bag yako. Kitu cha kuogopa zaidi kinatoka juu, na mara nyingi kinatoka mahali huoni.

Hii tunaijua vizuri hapa kwetu. Aprili 2012, vijana wa kanisa kutoka Nairobi walikuwa kwa korongo la Hell's Gate, Naivasha, mafuriko ya ghafla yakawakuta ndani. Saba walikufa. Septemba 1, 2019, korongo ni lile lile, mafuriko ni yale yale ya ghafla, na tena saba walikufa, kati yao guide wa hapo mtaani aliyekuwa anawaongoza. Hao hawakuwa wanashuka kwa kamba. Walikuwa wanatembea tu, kwa korongo ambalo siku nyingi huwa na maji ya kulowesha viatu.

Angalia hizo tarehe tena. Aprili ni masika, mtu anaweza kusema walifaa kutegea mvua. Lakini Septemba mosi? Hapo watu wengi wangekuambia ni kiangazi, twende tu. Mlima hausomi kalenda ya shule. Wingu moja likimwaga mvua kwa saa moja huko juu linatosha kujaza korongo kilomita kadhaa chini, na nyinyi mlio ndani mko kwa jua mkipiga selfi.

Mbona inakuwa haraka hivyo? Korongo ni mfereji mwembamba. Maji ambayo kwa shamba yangesambaa na kufika kwa kifundo cha mguu, yakibanwa na kuta mbili yanapanda juu na kukimbia. Mita moja ya ujazo ya maji ni tani nzima. Na kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo unaongezeka mara nne. Ndiyo maana maji ya magoti yanaweza kuangusha mwanaume wa gym. Hayaji peke yake pia. Yanabeba magogo, mawe na matope, na huo mzigo ndio unaumiza.

Sasa fikiria uko katikati ya maporomoko, umening'inia kwa kamba, na maji yameongezeka. Ukikwama hapo, nywele ama shati likiingia kwa chuma cha kushukia, hauhitaji kuanguka ndiyo ukufe. Maji yanakupiga uso na huwezi kupumua. Madem wenye braids ndefu na machali wa dreads, hii ni yenu: nywele zinaingia ndani ya helmeti na shati, zifungwe kabisa. Guide anayejua kazi hufunga kamba kwa nanga ambayo anaweza kuilegeza hata ikiwa imebeba mtu, ndiyo akuteremshe chap chap. Pia hupima urefu ili mwisho wa kamba uguse maji tu, bila fundo, ndiyo ukifika chini uteleze utoke badala ya kushikwa ndani ya dimbwi. Hizi ni vitu ndogo ambazo hazionekani kwa video. Wahenga walisema vyaelea vimeundwa, na kwa korongo wewe ndiye unayeelea.

Uswizi walijifunza kwa machozi

Wengine mtasema hayo ni mambo ya Kenya, majuu wako na system. Haya, twende Uswizi.

Julai 27, 1999, vijana walikuwa wanashuka korongo la Saxetenbach karibu na mji wa Interlaken. Walikuwa watalii waliolipa kampuni, wakapewa helmeti na suti za maji. Mvua ya radi ikanyesha huko juu na ukuta wa maji ukashuka ukawapata ndani. Watu 21 walikufa: wateja 18 na maguide 3. Kumi na wanne kati yao walikuwa Waaustralia waliokuja kuishi maisha, kama vile wewe huenda Naivasha.

Kesi ilipofika kortini, wengi walitarajia maguide ndio wabebe msalaba. Haikuwa hivyo. Desemba 2001 korti ilipata watu sita wa kampuni na hatia ya kuua bila kukusudia, na wengi wao walikuwa wakubwa wa kampuni. Maguide wawili waliachiliwa. Hiyo hukumu inafaa kusomwa na kila mtu anayeendesha grupu ya hike hapa Kenya. Ujumbe wake ni rahisi: kama haujaweka mpango wa kujua mvua iko wapi na lini safari inafutwa, makosa yalianza kwa ofisi, kabla mtu aguse maji.

Na bado sheria haikuja mbio. Uswizi, nchi ya saa na benki, ilipitisha sheria ya kusimamia hizi shughuli za hatari mwaka wa 2010, na ikaanza kufanya kazi Januari 1, 2014. Hiyo ni karibu miaka 15 baada ya mazishi. Siku hizi kampuni ya kushusha watu korongoni huko lazima iwe na kibali. Ufaransa nako guide wa korongo anahitaji diploma ya serikali kabla achukue hata shilingi ya mteja.

Lakini hata hivyo vibali havizuii kila kitu. Agosti 2018, watu 10 walikufa kwa korongo la Raganello, kusini mwa Italia, mafuriko ya ghafla tena. Kwa hivyo karatasi pekee haitoshi. Inasaidia tu kama kuna mtu wa kuangalia mbingu na mwenye nguvu ya kusema leo hatuingii.

"Ajali haina kinga" ni story za jaba

Hapa ndipo tunafaa kubonga ukweli. Kila kitu ikiharibika Kenya tuko na sentensi mbili: ajali haina kinga, na ni mapenzi ya Mungu. Tukishazisema tunachanga pesa za mazishi, tunaweka mshumaa kwa status, na wiki inayofuata posta mpya inaangushwa.

Angalia tena Hell's Gate. Miaka saba ilipita kati ya 2012 na 2019. Mahali ni pale pale, chanzo ni kile kile. Kitu kikirudi mara ya pili kwa njia ile ile, hiyo si ajali ya kushangaza tena. Hiyo ni somo ambalo mtu alikataa kusoma. Baada ya 2019 KWS ilifunga korongo, na ilikuwa sawa kufunga. Lakini kufunga geti baada ya watu kufa si mpango. Mpango ni kile kinachofanya geti lifungwe asubuhi, kabla mtu aingie, juu mvua imeonekana mahali.

Na usidhani kuwa na guide wa mtaa kunamaliza shida. Hao wasee wanajua mto kuliko sisi wote. Wanajua maji yakibadilika rangi, yakianza kubeba majani na vijiti, ama sauti ikibadilika, muda wa kutoka umefika. Guide wa 2019 alikuwa anajua korongo na bado alikufa nalo. Huwezi kumwekea mtu mmoja aliye chini kazi ya kuona wingu lililo nyuma ya mlima. Anahitaji mwingine huko juu, anahitaji redio, na anahitaji bosi ambaye hatamuuliza mbona amefuta safari na watu washalipa.

Kwetu nani ako na rada?

Kwa makaratasi, tuko na ofisi kadhaa. Tourism Regulatory Authority iko chini ya sheria ya utalii ya 2011 na ndiyo hutoa leseni za biashara za utalii. Mbuga ya Aberdare ni ya KWS. Msitu ulio nje ya mbuga uko chini ya Kenya Forest Service. Idara ya hali ya hewa inatoa utabiri kila siku, bure. Kwa hivyo hakuna mtu atasema serikali haipo.

Shida ni vile hii biashara imekua. Mratibu wa hike wa siku hizi anaweza kuwa msee mmoja mwenye simu, namba ya till na mat amekodi. Hakuna ubaya hapo. Hao ndio walitutoa kwa keja na kutuonyesha nchi yetu kwa bei ya mwananchi, na wengi wako makini kabisa. Lakini kubeba watu hadi mlimani ni kazi moja, na kushusha watu kwa kamba ndani ya maji ni kazi nyingine kabisa. Leseni ya kupeleka watu tour haikuambii kama huyo jamaa anaweza kumtoa mtu aliyekwama kwa kamba maporomoko yakimpiga. Dereva mzuri wa mat hawezi kurusha ndege eti juu zote zinabeba abiria.

Halafu kuna ile fomu mnawekwa mtie saini kwa basi, inayosema chochote kikifanyika shauri yako. Watu wengi hudhani ukitia saini umeuza haki zako. Katiba ya Kenya, Kifungu cha 46, inampa mteja haki ya huduma zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji, na haki ya kulindwa afya na usalama wake. Kukubali kwamba mlima una hatari ni jambo moja. Kumruhusu mtu akufunge kamba mbovu ni jambo lingine, na karatasi ya kwa basi haifai kukufunga mdomo.

Bei ya chini inakatwa wapi?

Hebu tuongee doo. Kamba ya hii kazi inazeeka. Jua linaila, mchanga unaingia ndani ya nyuzi, mwamba unaikwaruza, na ikilowa nguvu inapungua. Lazima ikaguliwe kila safari na istaafu ikifika muda, hata kama bado inakaa fiti. Suti ya maji inahitajika juu maji huondoa joto la mwili karibu mara 25 haraka kuliko hewa, na ya Aberdare si ya kuogelea Diani. Ukianza kutetemeka vidole vinakataa kushika kamba, halafu kichwa kinakataa kufikiria. Guide mmoja hatoshi, lazima mmoja awe juu na mwingine chini. Na kundi likiwa kubwa mnasimama kwa baridi mkingojea zamu, wakati wingu la mchana linajipanga.

Sasa ukiona posta ya bei ya kutupa, na watu ni mat nzima, jiulize ni gani kati ya hizo imekatwa. Mafuta hayakatwi, dere lazima alipwe, na geti la mbuga halina kukopa. Kilichobaki ni kamba, suti na maguide. Yaani wewe.

Maswali ya kumuuliza mratibu kabla utume pesa

Moja, nani atafunga kamba, na alijifunzia wapi? Kujua kukwea mwamba mkavu kunasaidia, na Mountain Club of Kenya imekuwa ikifanya hiyo kazi tangu 1949, lakini mwamba mkavu hauna maji ya kukuzamisha. Uliza kama ameshawahi kutoa mtu aliyekwama ndani ya maji.

Mbili, nani anaangalia hali ya hewa ya juu mlimani, si ya Nairobi? Na kiasi gani cha mvua kinafanya safari ifutwe? Kama jibu ni "tutaona tukifika," ushajibiwa.

Tatu, njia za kutokea ziko wapi? Korongo zuri la kuanzia lina mahali unaweza kupanda utoke kabla ya mwisho.

Nne, mnaingia saa ngapi na mnatoka saa ngapi? Mvua nyingi za milimani hupenda mchana. Mkianza saa saba juu mat ilichelewa, rudini.

Tano, KWS ama wenye msitu wanajua mko hapo? Aberdare kuna ndovu na nyati, na mtu akiumia, ranger ndiye atafika wa kwanza. Network hupotea, kwa hivyo ambulensi ya 1199 ya Red Cross haitakusaidia kama hakuna aliye nje anayejua mko wapi na mlifaa kutoka saa ngapi.

Sita, mtawasiliana aje? Kelele ya maporomoko inameza sauti. Kundi linalojua kazi linafundisha ishara za firimbi na mikono kabla ya mtu yeyote kuguswa na maji.

Saba, na hii ndiyo muhimu kuliko zote: safari ikifutwa asubuhi hiyo, narudishiwa doo ama tunapanga siku ingine? Mratibu ambaye hana mpango wa kurudisha pesa ana sababu ya kuingiza watu kwa maji mabaya. Yule aliye nao yuko huru kusema hapana.

Ukipata majibu, enda, na usiende na woga. Vijana wa Njabini na Kinangop wanastahili kazi ya kuongoza wageni kwa mlima wao, na kazi hiyo itadumu tu kama wageni wanarudi nyumbani. Saxetenbach ilionyesha vile mchana mmoja unaweza kuzika watu 21 na jina la kampuni pamoja nao.

Na wewe uko na nguvu moja ambayo ofisi za serikali hazina: ile namba ya till haisongi kabla uweke PIN. Uliza maswali kwa grupu, mbele ya watu wote, ndiyo na wengine wasome majibu. Wakikuita muoga, wacha wakuite. Mtu yuko na ruhusa ya kubadilisha mawazo hapo juu, miguu ikiwa kavu na kamba bado iko kwa bag.